Usingizi wa mtoto mchanga usiku: mambo ya kujua kwa wazazi na jamaa

Katika vikundi vya akina mama, baada ya neno la Mungu na matangazo, kuna ulizo moja linalorudi mara kwa mara. Mara nyingi linatoka kwa mama kijana mwenye mtoto wa kwanza, naye huuliza kwa sauti ya chini kana kwamba anaungama kosa: "Mtoto wangu halali usiku. Nifanye nini?" Majibu huja haraka kutoka pande zote. Mmoja anasema mtoto ana njaa, ampe uji. Mwingine anasema ni tumbo, atafutiwe mizizi. Wa tatu ananyamaza, lakini macho yake yanaonyesha kwamba anafikiri mambo mengine. Maelezo haya ni kwa ajili ya mama huyo, kwa ajili ya mume wake, na pia kwa ajili ya wale watatu.

Kulala usiku kucha maana yake nini

Shirika la Afya Duniani (OMS), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema kwamba mtoto wa miezi 3 ya kwanza anahitaji kulala masaa 14 mpaka 17 katika kila masaa 24. Kuanzia miezi 4 mpaka 11 anahitaji masaa 12 mpaka 16, usingizi wa mchana ukihesabiwa pia. Kwa hiyo mtoto mchanga analala sana. Lakini analala vipande vipande, na vipande hivyo havifuati usiku wetu sisi watu wazima.

Mwaka 1957, Moore na Ucko walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa London. Kwao, mtoto aliyetulia usiku alikuwa yule asiyewaamsha wazazi kati ya saa sita ya usiku na saa kumi na moja ya alfajiri. Ni masaa 5 tu. Mama wengi wanaolia kwamba mtoto halali wangegundua, kama wangehesabu, kwamba mtoto wao amekwisha kufika hapo au yu karibu kufika. Uchunguzi mwingine wa Canada, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa miezi 6 hawakuwa bado wakilala masaa 6 mfululizo, na katika umri wa mwaka mmoja zaidi ya robo yao walikuwa hivyo hivyo. Watafiti hawakuona kwamba watoto hao walibaki nyuma katika akili au katika kutambaa na kutembea. Basi, mtoto anayeamka usiku si mtoto mgonjwa, na mama yake si mama mbaya. Tunaweza kumsaidia arefushe usingizi wake kidogo kidogo, lakini hatuwezi kumlazimisha.

Kwa nini anaamka

Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi. Wa mtoto mchanga ni dakika 50 hivi, na karibu nusu ya usingizi wake ni mwepesi: anakunja uso, anacheka, anaguna, anatupa mikono, wakati mwingine analia kidogo huku macho yamefungwa. Mwisho wa kila mzunguko anakaribia kuamka. Akikuta mambo yako sawa anaingia katika mzunguko mwingine. Akikuta njaa, baridi, mkojo au mbu, anaamka kabisa.

Sababu ya pili ni tumbo lake, ambalo ni dogo, na maziwa ya mama husagwa haraka. Katika majuma ya kwanza mtoto hunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Mtoto wa majuma mawili anayelala usiku mzima bila kunyonya hatupaswi kumsifu. Aamshwe anyonye, hasa kama alizaliwa kabla ya wakati au kama hajarudia kilo alizozaliwa nazo.

Sababu ya tatu ndiyo inayotupa nafasi ya kufanya kazi. Mtoto anazaliwa bila kujua tofauti ya mchana na usiku. Ndani ya mwili wa kila mtu kuna kitu kama saa kinachomwambia wakati wa kulala, na kwa mtoto saa hiyo huanza kushika mwendo wake karibu na miezi 2 au 3. Kinachoifundisha zaidi ni mwangaza.

Mchana uwe mchana, usiku uwe usiku

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tuna msaada ambao wengine hawana. Katika Ulaya ya kaskazini, wakati wa baridi, giza huingia saa kumi ya alasiri, na wakati wa joto jua halitui mpaka usiku sana. Kwetu, iwe Goma, Bukavu, Uvira au Beni, jua linatoka karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi na kutua karibu na saa kumi na mbili ya jioni, mwaka mzima. Mtoto ana mwalimu asiyebadilika. Tatizo ni kwamba tunamficha mwalimu huyo. Mtoto mchanga anafungiwa ndani, dirisha limefungwa, pazia limeshushwa, amefunikwa mpaka usoni, kwa hofu ya baridi na ya macho ya watu. Halafu usiku taa inawaka, radio inasema, wageni wanaingia kumtazama, na simu inamulika uso wake kila anapogeuka.

Geuzeni mambo hayo. Asubuhi, mara tu kukipambazuka, fungueni mlango na dirisha. Mtoto akaye nje kidogo katika mwangaza, amefungwa vizuri kitenge, si katika jua kali. Mchana anapolala, alale katika kelele za kawaida za nyumba: vyombo, kuku, watoto wengine wanaocheza. Msizime mchana wote kwa ajili yake.

Kuanzia saa moja ya jioni, mwendo ubadilike. Sauti zishuke. Apanguswe au aoshwe kwa maji ya vuguvugu, abadilishwe nguo, anyonye, aimbiwe, aombewe, alazwe. Mambo hayo hayo, kwa utaratibu ule ule, kila jioni. Wimbo uwe mmoja. Mtoto hajui maneno yake, lakini baada ya majuma machache anajua kwamba wimbo huo ukifika, usingizi unakuja nyuma yake. Jamaa zilizozoea sala ya jioni zina jambo hili tayari mikononi. Inabaki tu sala isikawie mpaka saa nne.

Anapoamka usiku kunyonya, anyonye katika giza. Kama ni lazima kuona, funikeni tochi ya simu kwa kitambaa na kuielekeza ukutani. Msiongee naye, msicheze naye, hata akitabasamu, na usiku huo ndipo atatabasamu kweli. Nguo ya mkojo ibadilishwe kabla ya titi la pili, ili amalizie kwa kunyonya na kusinzia. Mshumaa au kibatari kilichosimama karibu na kitanda kisikubaliwe. Wanaokaa katika nyumba za mbao zilizobanana wanajua moto mmoja unaweza kufanya nini kwa mtaa mzima.

Kuna mama wanaomzuia mtoto asilale mchana ili achoke na kulala usiku. Matokeo huwa kinyume. Mtoto aliyechoka kupita kiasi analia, anajikaza, na usingizi wake unakatika haraka. Katika majuma ya kwanza hawezi kukaa macho zaidi ya saa moja hivi. Katika miezi 3 au 4, saa moja na nusu mpaka mawili. Akianza kupiga miayo, kusugua macho au kugeuza uso asitake kutazama mtu, wakati umefika. Msingoje kilio.

Maziwa ya usiku

Hapa ndipo makosa makubwa yanafanyika, na kwa nia njema.

Maziwa yanayotoka usiku yana melatonini, kitu ambacho mwili hutengeneza ili kuleta usingizi, na ambacho mtoto mchanga hawezi bado kukitengeneza vya kutosha. Tena homoni inayoamuru matiti yafanye maziwa hupanda zaidi usiku. Mama anayekata mapema kunyonyesha usiku anaweza kuona maziwa yanapungua mchana pia. Kwa hiyo hatumwambii mama aache. Tunamwambia ayapange. Watoto wengi jioni wanataka kunyonya mara nyingi, karibu karibu. Wape. Wanajaza tumbo. Na kabla mama mwenyewe hajalala, tuseme saa nne, anaweza kumwinua mtoto polepole, hata kama amesinzia, na kumpa titi moja na jingine. Wengi hunyonya bila kuamka vizuri. Kwa njia hiyo kipande kirefu cha usingizi wa mtoto kinakutana na kipande cha mama, badala ya kupotea kati ya saa moja na saa tano wakati mama bado anaosha sahani.

Kuna neno ambalo halisemwi wazi katika vikundi vyetu, basi tuliseme hapa. Kunyonyesha usiku huzuia mimba. Wataalamu waliokutana Bellagio, nchini Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba kinga hiyo inafikia karibu 98 kwa mia, lakini kwa masharti matatu yakienda pamoja: mtoto hajapita miezi 6, mama hajarudi kuona siku zake, na mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, bila nafasi ndefu katikati. Mtoto akianza kulala masaa 7 au 8 mfululizo, masharti hayo yamevunjika. Mama anayefurahi kwamba mtoto wake wa miezi 4 amelala mpaka asubuhi, na asiyetaka mimba nyingine mwaka huu, aende kituo cha afya pamoja na mume wake kuuliza njia nyingine ya kupanga uzazi. Asingoje kushangazwa.

Uji sasa. Kabla ya miezi 6 mtoto hahitaji uji, wala maji, wala chai. Wanaosema uji unaleta usingizi wataniambia kwamba wameona kwa macho yao. Jambo hili lilipimwa Uingereza, kwa watoto zaidi ya 1,000, na matokeo yalitolewa mwaka 2018: watoto walioanzishiwa chakula mapema walilala usiku zaidi ya wenzao, kweli, lakini tofauti ilikuwa dakika 17 hivi. Dakika 17, katika nchi ambako maji ya bomba ni safi. Kwetu, ambako kipindupindu kinarudi kila mwaka kandokando ya maziwa makubwa, hizo dakika 17 zinaweza kulipwa kwa kuhara na kwa kulala hospitalini.

Baada ya miezi 6, chakula cha jioni kina maana. Kiwe kizito, kisianguke kama maji kutoka kwenye kijiko: uji wa mahindi na soya, viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe yaliyochujwa, sombe laini yenye unga wa sambaza au ndagala, mafuta ya mawese kidogo. Apewe mapema, karibu na saa kumi na mbili, kabla usingizi haujamshika, halafu titi lifuate. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata tone moja kwenye ulimi, kwa sababu inaweza kubeba kijidudu kinacholegeza misuli ya mtoto mpaka ya kupumulia.

Na kuna vitu vya kumlaza kwa nguvu. Farmasi nyingi huuza siro za kifua na za mzio zenye prometazini. Wazazi wamegundua kwamba kijiko kimoja kinamfanya mtoto alale, na habari hizo zinapita kutoka kwa jirani hadi jirani. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa hiyo isipewe mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kusimamisha pumzi, na watoto wamekufa hivyo. Someni karatasi ya ndani ya siro yoyote, au mpelekeeni muuguzi aisome. Kidole kilichochovywa katika kasiksi au kanyanga ni jambo lile lile kwa jina lingine. Mtoto huyo amelewa tu, hakulala.

Kujifunza kurudi usingizini

Mtoto anayesinzia sikuzote katika titi au mgongoni, akifika mwisho wa mzunguko wake wa usiku, anatafuta titi au mgongo. Hilo si kosa. Mgongo wa mama ni mahali pazuri na sitaki mtu yeyote asome hapa kwamba tumeukataza. Lakini kuanzia miezi 4 hivi, mama anaweza kujaribu mara moja kwa siku, katika usingizi wa kwanza wa jioni, kumlaza mtoto wakati macho yake ni mazito lakini hayajafungwa bado. Akilalamika, amwekee mkono kifuani, ampigepige polepole, amnyamazishe kwa sauti. Akilia kweli, amwinue. Kesho ajaribu tena. Juma la kwanza haliendi vizuri kwa karibu kila mtu.

Usiku, jambo moja dogo husaidia kuliko mengine: kungoja. Si kungoja dakika kumi. Ni kuhesabu pumzi zako 20 kabla ya kumgusa. Zile guno na kilio kifupi ni usingizi mwepesi, na mama mwenye haraka humwamsha mtoto ambaye hakuwa ameamka. Wengi wameniambia kwamba hesabu hii ndiyo iliyobadilisha usiku wao, na kwamba ugumu wake ulikuwa juu ya mama mkwe aliyelala chumba cha pili akiuliza kwa nini mtoto anaachwa.

Katika intaneti akina mama wanasoma pia juu ya kumwacha mtoto alie kwa muda unaozidi kila usiku mpaka azoee. Njia hiyo ilijulikana sana kwa kitabu cha muganga wa Marekani, Richard Ferber, cha mwaka 1985. Kuna jamaa ambako imefanya kazi, katika nyumba ambako mtoto mkubwa kidogo ana chumba chake. Kwetu mtoto yuko kitanda kimoja au chumba kimoja na wazazi, ukuta ni mbao, na nyuma yake kuna jirani anayeamka saa kumi kwenda sokoni. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji bado maziwa ya usiku. Mimi sioni sababu ya kuileta hapa.

Mahali anapolala

Alazwe chali, mgongo chini, kila mara, mpaka mwaka mmoja. Kabla ya miaka ya 1990 waganga wengi wa Ulaya na Marekani walifundisha kumlaza kwa tumbo. Walipogeuza mafundisho yao, New Zealand na Uingereza kwanza, kisha Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafula vya watoto usingizini vilipungua kwa nusu au zaidi. Wazee huogopa kwamba akitapika chali atapaliwa. Mtoto mwenye afya anageuza kichwa, anakohoa, anameza. Akiweza kujigeuza mwenyewe usiku, msiamke kumrudisha.

Kulala kitanda kimoja na mama kunarahisisha kunyonyesha, na katika nyumba nyingi hakuna njia nyingine. Lakini hatari yake ni ya zamani: hukumu ya Sulemani katika 1 Wafalme sura ya 3 inaanza na mwanamke aliyemlalia mtoto wake usiku. Basi godoro liwe gumu kiasi, lisilobonyea katikati. Mtoto alale upande wa mama, si katikati ya watu wawili, wala karibu na ndugu zake wadogo wanaopiga mateke, wala kwenye nafasi kati ya godoro na ukuta. Blanketi limfikie kifuani, mikono iwe nje. Mto usiwe karibu na uso wake. Mzazi aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya usingizi asilale naye kabisa. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 au kabla ya wakati alale pembeni, katika kikapu au malalo yake karibu na kitanda, anaporudi kutoka kifuani mwa mama. Na asilale kamwe pamoja na mtu kwenye kiti cha saluni. Mama aliyechoka anayenyonyesha akiwa ameketi kwenye kiti laini yuko katika hatari kuliko yule aliyejilaza kitandani.

Katika milima ya Masisi, Lubero na Minembwe usiku ni baridi, na hapo ndipo mbabula inaingia ndani. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na jamaa nzima inaweza kulala isiamke. Pasheni nyumba moto mapema mlango ukiwa wazi, halafu mbabula itoke nje kabla ya kulala, hata kama makala yanaonekana yamezimika. Mvalisheni mtoto nguo moja zaidi ya ile mnayovaa. Mguseni shingoni kujua hali yake, kwa maana mikono ya mtoto huwa baridi hata akiwa sawa. Shingo ikiwa na jasho, mmezidisha, na joto la kupita kiasi pia humwamsha na kumhatarisha.

Wanaokaa kando ya Ziwa Kivu upande wa Goma wana jambo moja zaidi, mazuku: gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kutulia mahali pa chini, mashimoni na mabondeni, kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu pale ambapo mtoto aliyelala chini anakosa pumzi. Wakimbizi waliojenga vibanda katika mabonde ya lava wawaulize wenyeji kabla ya kulaza watoto chini, na malalo yainuliwe.

Chandarua kiingizwe chini ya godoro pande zote, kisining'inie juu ya uso. Mbu mmoja ndani yake anaweza kueleza usiku mzima wa kilio, mbali na malaria.

Makesha, na maneno ya watu

Makanisa yetu yanapenda makesha ya maombi, na akina mama wenye watoto mgongoni ndio wengi ndani yake. Mtoto wa miezi 2 aliyelala mita tatu kutoka kwenye bafle usiku wa Ijumaa atahitaji siku kadhaa kurudia utaratibu wake, na masikio yake hayakufanywa kwa sauti hiyo. Viongozi wanaweza kutenga chumba mbali na vyombo vya muziki, au kusema wazi mbele ya wote kwamba mama anayenyonyesha mtoto mchanga haulizwi kwa nini hakukesha. Amekesha nyumbani.

Tena kuna yule wa tatu aliyenyamaza. Katika miji yetu kuna wanaosema kwamba mtoto anayelia usiku anaona vitu, kwamba amefungwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi, na kuna "watumishi" wanaotoza pesa kwa kumfungua. Wengine hufunga kumnyonyesha siku mbili kwa ajili ya maombi hayo. Wengine hupelekwa kukatwa kimio au kupasuliwa fizi kutoa meno ambayo hayajaota, kwa kisu kimoja kwa watoto wengi, na huko wanapata damu isiyokoma, pepopunda na maambukizo mengine. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu jambo hilo. Mchungaji akisikia maneno hayo katika ushirika wake, asingoje yakue. Kilio cha jioni kisicho na sababu huzidi karibu na juma la 6 na kupungua kuelekea miezi 3 au 4, katika watoto wa mataifa yote. Mara nyingi kinachohitajika ni mikono mingine ya kumpokea mtoto kwa saa moja.

Mikono hiyo ni ya nani? Ya baba kwanza. Hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kumpokea mtoto baada ya titi la saa kumi, kumweka begani, kumpigapiga mgongo mpaka hewa itoke, na kumlaza, mama akiwa amekwisha kurudi usingizini. Anaweza kuchota maji asubuhi hiyo. Mama ambaye kwa zaidi ya majuma mawili analia bila kujua sababu, hawezi kulala hata mtoto akilala, au anafikiri kujidhuru au kumdhuru mtoto, hana upungufu wa imani. Ana ugonjwa unaotibika, na asiachwe peke yake mpaka afike kwa muganga.

Waliokimbia vita wataona kwamba mtoto aliyekuwa amezoea kulala vizuri anaanza upya, anashtuka, anang'ang'ania. Huo ni mwili wake unaokumbuka njia. Kitenge kile kile, wimbo ule ule, saa ile ile, hata chini ya hema, ndivyo vinavyomrudisha, na vinaweza kuchukua majuma kadhaa.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nendeni usiku huo huo, msingoje siku ya CPS, kama mtoto anakataa kunyonya au hana nguvu ya kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, analala kiasi cha kutoamka hata akisumbuliwa, ana joto la 38 au zaidi, au mwili baridi chini ya 35.5. Hesabuni pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 mpaka 12, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, ni hatari. Utosi uliovimba pamoja na kilio chembamba kisichokwisha, vilevile.

Mtoto asiye na dalili hizo, lakini ambaye kilo zake haziongezeki kwenye karti kwa mwezi mzima, aletwe mchana. Muuguzi atazame anavyoshika titi. Mara nyingi mtoto anayeamka kila saa ni mtoto anayeshika ncha tu ya titi na kuchoka kabla ya kushiba, na kumrekebisha huchukua dakika chache.